Mlinzi Aliye Ndani ya Kompyuta Kuu

Watu wengi wakisikia neno kompyuta huifikiria ile ndogo iliyo juu ya meza ya karani. Lakini ziko za namna nyingine, kubwa kama kabati la nguo la bwenini au kulishinda, ambazo hukaa katika vyumba vyenye baridi na kufanya kazi usiku na mchana. Hizo ndizo kompyuta kuu. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamii ya System/360 tarehe 7 Aprili 1964, na zile iziuzazo leo kwa jina la Z ni vitukuu vyake. Mabenki makubwa, kampuni za bima na mashirika ya ndege huzitumia, kwa kuwa mtambo mmoja huweza kuhudumia watu maelfu kwa wakati mmoja bila kuchanganya hesabu zao.

Hesabu hizo haziwekwi ovyo. Hutunzwa katika hifadhidata, yaani ghala la habari lililopangwa katika majedwali, na iko programu ya kulisimamia ghala hilo. Ya IBM huitwa Db2, nayo ilitangazwa mwaka 1983. Katika makala haya sina nia ya kuieleza Db2 yote, maana vitabu vyake ni vingi mno. Nataka kueleza jambo moja tu: Db2 ikikwama au ikienda polepole, mafundi huiwekeaje mlinzi wa kuichunguza ndani?

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini wasiisimamishe wakaitazama? Jibu ni kwamba makosa mabaya kuliko yote huonekana wakati wa msongamano tu. Tuchukue mfano. Programu ya kwanza yataka kuhamisha fedha kutoka akaunti A kwenda akaunti B. Ya pili yataka kuhamisha kutoka B kwenda A. Kila moja hutia kufuli akaunti inayoanza nayo, ili mwingine asiibadilishe katikati ya kazi. Sasa ya kwanza imeifunga A, yaingoja B. Ya pili imeifunga B, yaingoja A. Ni kama wanafunzi wawili wa zamu, mmoja ameshika ufunguo wa stoo na anangoja taa, na mwenzake ameshika taa na anangoja ufunguo. Wakiachwa watasimama hapo mpaka kesho.

Db2 haiwaachi. Iko programu yenzake iitwayo IRLM, mtunza makufuli, ambayo kila baada ya muda mfupi hukagua kama kuna mkwamo wa namna hii. Ikiuona, mmoja huchaguliwa ashindwe: kazi yake yote aliyokuwa hajaithibitisha hufutwa, naye huambiwa kwa namba -911, pamoja na namba ya sababu 00C90088. Kama haukuwa mkwamo bali amengoja kupita muda uliowekwa, namba ya sababu ni 00C9008E. Programu iliyoandikwa vizuri ikipata -911 huanza kazi yake upya. Iliyoandikwa kivivu hukata tamaa na kwenda zake, na pengine iliyokatizwa ndiyo iliyokuwa ikiingiza mishahara ya watu. Asubuhi fundi akifika, makufuli yamekwisha funguliwa, majedwali ni safi, hakuna hata alama ya ugomvi. Mtu analalamika kuwa hakulipwa, na mtambo wasema hauna neno. Ndiyo maana yahitajika mlinzi aliyekuwako usiku huo.

Mlinzi huyo hatoki nje. Waliotunga Db2 walitia macho mengi ndani yake tangu mwanzo, kila jicho latazama tukio la namna moja, nalo lina namba yake iitwayo IFCID. Namba 172 huandika mkwamo. Namba 196 huandika kungoja kuliko pita kiasi. Namba 44 huandika mtu anapoanza kusimamishwa na kufuli, na 45 anapoachiliwa. Namba 63 huandika maneno yenyewe ya ombi lililoletwa. Macho mengi huwa yamefumba. Amri ya kuyafumbua ni START TRACE, na kumweka mlinzi hasa ni kujaza amri hiyo vizuri: afanye ulinzi wa aina gani, wa daraja gani, matukio yepi, ya nani, na ayaandike wapi.

Kwa nini usiyafumbue yote? Hapa ndipo penye shida yenyewe, nami naona ya kuwa ndipo wengi hukosea. Mlinzi huyu hula chungu kimoja na wale anaowalinda. Kila mstari anaouandika watumia prosesa ileile inayolipa mishahara. Ulinzi wa aina ya GLOBAL, ambao ni kwa ajili ya watu wa IBM wenyewe wanapotafuta kosa ndani ya Db2, waweza kuongeza kazi ya prosesa tangu asilimia 2 hata asilimia 100. Tena wateja wengi wa kompyuta kuu huilipia programu kwa kadiri ya matumizi, na kipimo chao ni kilele cha wastani wa saa 4. Fundi akifumbua macho yote saa ya kilele, huenda ankara ya mwezi ikapanda kwa sababu ya mlinzi. Na mtambo ulioelemewa hushikilia makufuli kwa muda mrefu zaidi, basi mikwamo nayo yaweza kuongezeka. Utakuwa umekuja kutafuta ugonjwa nawe ndiwe unayeueneza.

Kwa hiyo mafundi hugawa ulinzi mara mbili. Uko wa kila siku, ulio mwepesi, usiozimwa. Huo ni wa aina mbili hasa, STAT na ACCTG. Jicho la 172 na la 196 yamo katika STAT daraja la 3, na kwa kawaida hukaa wazi wakati wote, kwa kuwa mikwamo si matukio ya kila nukta na kuiandika hakuna gharama kubwa. Rekodi zake huenda SMF, ambayo ni daftari kuu la mtambo mzima: za STAT zina namba 100, na za ACCTG namba 101.

ACCTG yafaa kuelezwa zaidi, maana ni nzuri sana. Ina saa tatu. Fikiri mtoto aliyetumwa dukani. Saa ya kwanza, daraja la 1, huhesabu tangu alipotoka nyumbani hata aliporudi. Saa ya pili, daraja la 2, huhesabu muda aliokuwa ndani ya duka tu. Saa ya tatu, daraja la 3, huhesabu muda aliosimama foleni humo dukani. Tuseme programu imetumia sekunde 10 kwa jumla, 8 kati ya hizo ndani ya Db2, na 7 kati ya hizo 8 ni za kungoja. Basi kazi yenyewe ndani ya Db2 haikuzidi sekunde 1! Kumnunulia mtambo wa mbio zaidi mtu wa namna hii ni kupoteza fedha. Atafika kwenye foleni upesi na kusimama palepale. Mjomba wangu, ambaye ametumikia kompyuta kuu miaka mingi, aliniambia likizo iliyopita ya kuwa yeye hasikilizi lalamiko lolote la upole wa mtambo mpaka aone saa hizo tatu.

Ulinzi wa pili ni wa kuita kwa haja, na aina yake ni PERFM. Huu ni mzito, ndiyo sababu hufungiwa mipaka. Yako madaraja 30, 31 na 32 yaliyoachwa kwa matumizi ya wenye mtambo, ambayo fundi hujaza namba azitakazo mwenyewe. Tuseme STAT imekwisha onyesha mikwamo kila usiku katika jedwali moja. Fundi huandika PERFM, daraja la 30, IFCID 44 na 45 peke yake, kwa jina la mpango wa ile programu ya mishahara tu, na kwa mtumiaji mmoja tu. Wengine wote wapite bila kuandikwa.

Mahali pa kuandikia rekodi hizi nzito aghalabu si SMF bali GTF, chombo kingine cha z/OS. Huyu sharti awashwe kwanza na mwendeshaji, tena aambiwe apokee rekodi zenye alama FB9, ambayo ndiyo alama ya Db2. Asipoambiwa hivyo, mlinzi atasema usiku kucha na hakuna anayeandika. Njia nyingine ni kumwaga rekodi katika kisanduku cha kumbukumbu, OP1 hata OP8, ambacho programu nyingine hukisoma. Lakini msomaji akichelewa na kisanduku kikajaa, rekodi nyingine hupotea.

Si kila mtu aruhusiwa kuweka mlinzi. Jicho la 63 huandika maombi kama yalivyo, na ndani ya ombi huenda mna namba ya akaunti ya mtu au jina lake. Ndiyo maana Db2 ina ruhusa iitwayo MONITOR1 kwa habari za kawaida, na MONITOR2 kwa habari za siri. Mimi naona hili ni jambo kubwa kuliko gharama ya prosesa. Gharama ya mtambo hulipwa ikaisha, lakini siri ya mtu ikitoka hairudi.

Kazi ikiendelea, DISPLAY TRACE huonyesha walinzi walioko, wasiozidi 32 kwa mara moja, kila mmoja na namba yake. STOP TRACE humwondoa. Hapo yafaa kutaja namba ya mlinzi, kwa maana mvivu huandika nyota mahali pa namba, na nyota maana yake ni wote. Huzima hata ACCTG, na hesabu za siku hiyo hazipatikani tena.

Katika kusoma rekodi liko jambo moja la kututatiza sisi wa Afrika Mashariki. Muda ulioandikwa na saa ya mtambo hufuata Greenwich, nasi tuko mbele kwa saa 3. Rekodi isemayo 21:00 kwetu ni saa sita za usiku. (Saa hiyo huanza kuhesabu tarehe 1 Januari 1900, na ile ya umbo la zamani itajaa tarehe 17 Septemba 2042.)

Rekodi ya 172 hutaja pande zote mbili: nani ameshika nini, na nani anangoja nini. Kwa mfano wetu wa A na B dawa ni rahisi: programu zote mbili ziandikwe upya zianze na akaunti yenye namba ndogo, hata kama fedha zatoka katika ile kubwa. Atakayekuta A imefungwa atangoja akiwa mikono mitupu, na mwenzake atamaliza. Usiku unaofuata fundi huwaacha 44 na 45 kazini kwa mipaka ileile ya jana, ili alinganishe kungoja kwa kabla na kwa baada. Akiridhika huwazima hao wawili, na 172 hubaki macho.