Udongo Ulionaswa Engaruka

Mashamba ya kale ya Engaruka yametandaa kwenye takriban hekta 2,000 chini ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mto wa Mbu, mkoani Arusha. Yalilimwa kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, kisha yakaachwa. Hans Reck aliyaeleza mwaka 1913, Louis Leakey akafika 1935, na Hamo Sassoon akachimba miaka ya 1960.

Kutoka ndani ya gari huonekana uwanda wa mawe matupu. Anayetembea huona mpangilio. Mstari wa mawe unaokata mteremko ni ukingo wa shamba. Mistari miwili inayokwenda sambamba, ikiacha nafasi nyembamba katikati, ni mfereji; ukifuatwa kupanda, hufika mahali mto unapotoka milimani. Marundo ni mawe yaliyoondolewa shambani. Juu zaidi, kwenye miteremko, vipo viwanja vya nyumba za vijiji saba.

Kingo hizo zilikuwa na kazi kubwa kuliko kugawa mashamba. Utafiti wa Carol Lang na Daryl Stump, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba sehemu ya udongo wa Engaruka ilinaswa kwa makusudi kutoka kwenye maji. Maji ya mafuriko ni kama mchukuzi wa sokoni. Akikimbia, hubeba kila kitu. Akipunguza mwendo, hutua kwanza gunia zito, halafu kapu, na akisimama kabisa huachia hata kifurushi cha chumvi. Malipo yake ni mwendo: usipompa mteremko, mzigo wote ni wako. Ukingo wa mawe ulimsimamisha. Kasi ya maji ikipungua nusu, uzito wa jiwe kubwa kabisa yanaloweza kusukuma hushuka hadi sehemu moja ya 64. Ndiyo maana ukuta wa kufika magotini ulitosha: kokoto zilitua mapema, mchanga ukafuata, na tope laini lenye rutuba likatulia nyuma ya mawe. Udongo ulipojaa, safu nyingine ya mawe iliongezwa, na shamba likapanda pamoja na ukuta wake.

Ushahidi huo huonekana pale korongo jipya linapokata shamba la zamani. Ubavu wake huonyesha tabaka za chembe kubwa na ndogo zikipokezana, alama ya maji yaliyokwenda kasi na yaliyotulia. Mtama, uliokuwa miongoni mwa mazao ya hapo, ulioteshwa juu ya udongo wa namna hiyo.

Jua la asubuhi au la jioni ndilo linalofaa kwa matembezi hayo, kwa sababu mwanga wa ubavuni hurefusha kivuli cha ukingo mfupi. Mawe yaachwe yalipo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda maeneo ya namna hii, na jiwe lililohamishwa halionyeshi tena maji yalipitia wapi.