Mwanachuo na Soko la Daraja Mbili

Wanachuo wa mjini Kisii hulalamika kwamba nje ya lango hamna kitu ila vyumba vya kupanga na vibanda vya chipsi. Lalamiko hilo nalisikia kila mwaka, nami silikubali. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka wa 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi na kupata hati yake mwaka wa 2013, kimezungukwa na mambo ambayo maktaba haina.

Mwanafunzi wa isimu na ateremke Daraja Mbili. Amwulize mama muuza ndizi jina la kiti: ekerogo. La kitabu je? Egetabo. Kiambishi ni kile kile, ila k imegeuka g kwa kuwa silabi inayofuata yaanza kwa t. Hiyo ndiyo Kanuni ya Dahl, ambayo darasani huwasinzisha wengi (na pengine kosa ni letu wahadhiri). Wa sanaa apande matatu ya Tabaka akaone jiwe la sabuni likichongwa. Wa kilimo avuke hadi Nyamira kwenye mashamba ya chai.

Badala yake, wengi humaliza miaka minne bila kujua hata kumwamkia mwenye nyumba kwa Ekegusii, kisha hutujia ofisini wakiomba tuwatafutie mada ya utafiti.