Labi Siffre na Haki ya Mtunzi
Ipo nadharia inayodai kwamba mtunzi hufa pindi kazi yake inapoifikia hadhira. Labi Siffre, mshairi na mwimbaji wa pop na soul aliyezaliwa London mwaka 1945, hakukubali kuzikwa mapema hivyo. Kundi la Madness lilipouimba upya wimbo wake "It Must Be Love" mwaka 1981, yeye mwenyewe alijitokeza katika video yake. La Eminem lilikuwa jingine. Ili autumie muziki wa "I Got The..." (1975) katika "My Name Is" (1999), ilimbidi kwanza abadilishe maneno yaliyowatweza wanawake na mashoga. Siffre alishikilia kwamba kuwadhihaki wanaoonewa ni uvivu wa kiutunzi. Nami naona huo ni uhakiki hasa. Isitoshe, "(Something Inside) So Strong" (1987) aliutunga baada ya kutazama filamu kuhusu udhalimu wa makaburu Afrika Kusini.