Mtoto Ana Kilo Kumi. Urefu Wake Je?

Tumchukue mtoto wa kiume anayetimiza miaka miwili leo. Mama yake amempeleka kituo cha afya hapa Lubumbashi, Katuba au Kampemba, siku ya CPS, ile kliniki ya watoto ambao bado hawajaanza shule. Mtoto anavuliwa nguo, anatiwa kwenye suruali ya mizani, ananing'inia akilia, na mshale unasimama kwenye kilo 10. Muuguzi anaandika. Anamzungushia mkononi utepe wa rangi, unasoma kijani. "Mama, mtoto yuko muzuri." Mama anamfunga mgongoni na kurudi nyumbani ameridhika.

Mtoto huyu ni wa mfano, lakini wenzake ni wengi. Sasa tuseme kituo kile kina ubao wa kupimia urefu, na kuna mtu wa pili wa kusaidia kumlaza. Ubao unasoma sentimita 79. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi 24 akilazwa anatarajiwa kuwa na sentimita 87.8 hivi, na mpaka wa chini unaokubalika ni 81.7. Huyu wetu yuko chini ya mpaka kwa karibu sentimita tatu. Amedumaa, na si kidogo. Wala mizani haikukosea: kilo 10 kwa umri wake ziko juu ya mpaka, na kwa mwili wa sentimita 79 zinatosha kabisa. Amepungua pande zote kwa pamoja, kimo na uzito vikifuatana, kwa hiyo jicho halishtuki. Akisimama kati ya watoto wa jirani waliodumaa kama yeye, hakuna atakayemwona kuwa mfupi.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na uchunguzi mwingine wa kaya, MICS, wa 2017–2018 ukakuta 42. Waliokonda kupita kiasi, wale ambao utepe wa mkono umetengenezwa kuwanasa, walikuwa kama asilimia 8 katika uchunguzi huo wa kwanza. Sisemi utepe hauna maana. Unaokoa maisha. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, una mzingo chini ya milimita 115 yuko kwenye hatari ya kufa na anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Kati ya 115 na 125 anahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Lakini tukiishia kwenye kilo na utepe, tunawanasa wanane kwa mia na kuwaacha zaidi ya arobaini wapite mlangoni wakiwa na kijani.

Uzito ni habari ya juma hili. Malaria ya siku tano inaushusha, chakula kizuri kinaupandisha tena. Mfupa haurudi nyuma, na kwa sababu hiyo urefu unabeba habari za miezi yote tangu mimba: kila homa, kila kuharisha, kila mwezi ambao uji ulikuwa wa unga wa mahindi na maji tu. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza kama sentimita 25, wa pili kama 12. Hakuna kipindi kingine baada ya kuzaliwa ambacho binadamu hukua kwa kasi hiyo, na kilichopotea hapo ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Ubongo nao unajengwa wakati huo huo. Ndiyo maana udumavu unatuhangaisha sisi tunaoshughulika na watoto: ufupi wenyewe si ugonjwa, ni alama inayoonekana ya upungufu uliopita pia kichwani na kwenye kinga ya mwili.

Bukari, ugali wetu, inashibisha na inaleta uzito. Haileti protini na madini ya kutosha kurefusha mfupa. Samaki wadogo waliosagwa, yai, maharagwe, karanga, vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, wakati wa msimu wake, pamoja na ziwa la mama mpaka miaka miwili, ndivyo vinavyofanya kazi hiyo, na vingi vya hivyo vinauzwa katika masoko ya mitaa yetu ya Kenya na Ruashi kwa vipimo vidogo vidogo. Shida yetu nyingine ni kalenda. Akina mama wengi huja kwa ajili ya chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua kwenye miezi tisa. Baada ya surua kijitabu kinawekwa sandukuni. Na hapo hapo, mtoto anapoanza kutegemea sufuria ya nyumbani kuliko ziwa, ndipo mstari wa urefu unapoinama. Tunaacha kupima pale hasa panapohitaji kupimwa.

Kupima kunaanza siku ya kwanza, wodini. Mtoto aliyezaliwa salama kwanza akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, anyonye. Mizani inaweza kusubiri saa moja bila hasara. Kisha apimwe akiwa uchi, kwenye mizani ya watoto wachanga inayosoma gramu kumi kumi, kwa sababu ile ya kuning'iniza inaruka gramu mia mia na kwa mtoto wa kilo mbili tofauti hiyo ni kubwa. Wastani ni kilo 3.3 kwa wavulana na 3.2 kwa wasichana, urefu kama sentimita 50 na 49, mzingo wa kichwa kama 34.5 na 34. Chini ya gramu 2,500 tunasema ana uzito pungufu.

Lakini gramu 2,200 zinaweza kuwa za watoto wawili tofauti kabisa. Mmoja alizaliwa mapema, kwenye wiki ya 34. Alikuwa anakua vizuri, muda tu haukutosha. Mwingine ametimiza wiki zake zote lakini alikosa chakula tumboni, mara nyingi kwa sababu malaria ilikaa kwenye kondo la nyuma, au mama alikuwa na presha ya mimba. Wa kwanza anahitaji kwanza joto, kifua cha mama kwa saa nyingi kila siku, na mtu wa kuangalia pumzi yake. Wa pili anaweza kushuka sukari ghafla akiwa anaonekana yuko macho na mchangamfu. Mizani haiwezi kuwatofautisha. Kama mama alianza CPN, kliniki ya wajawazito, mapema na tarehe zinajulikana, vizuri. Kama sivyo, tunausoma mwili wa mtoto kwa njia iliyotungwa na daktari Jeanne Ballard wa Marekani, iliyotolewa 1979 na kurekebishwa 1991. Tunaangalia mistari ya unyayo: njiti ana unyayo laini, aliyetimia ana mikunjo mpaka kisiginoni. Tunakunja sikio na kuona linarudi upesi au linabaki limelala. Tunapapasa kifundo cha ziwa, tunaangalia malaika, zile nywele laini, mgongoni, tunavuta mkono kuvuka kifua kuona kiwiko kinafika wapi. Haihitaji umeme wala mashine, dakika chache tu na mtu aliyefundishwa. Kwa maoni yangu kila wodi ya wazazi mjini ingepaswa kuwa na karatasi hiyo ukutani.

Mama mjamzito anaweza kuongeza gramu za mtoto wake kabla hajamwona, kwa kumeza vidonge vya SP vya kukinga malaria kila anapopewa CPN, kuanzia pale miezi mitatu ya kwanza inapoisha, mwezi mmoja mmoja, angalau mara tatu, na kulala ndani ya chandarua.

Turudi wodini. Baada ya vipimo, unaangaliwa mwili wote kutoka utosi hadi kidole cha mguu. Utosi umetulia, haujavimba wala kuzama. Kidole kisafi kinapita kwenye kaakaa kutafuta mpasuko ambao macho hayauoni. Pumzi zinahesabiwa dakika nzima: kati ya 30 na 60. Umanjano kwa watoto wetu hautafutwi kwenye ngozi ya uso bali kwenye weupe wa jicho, ufizi, kiganja na unyayo. Nyonga zinafunguliwa polepole, mtoto anageuzwa, na uti wa mgongo unafuatwa kwa kidole mpaka mwisho, kisha tunahakikisha njia ya haja kubwa iko wazi.

Hapa Lubumbashi uchunguzi huu una uzito wa pekee. Tangu Machi 2013 hadi Februari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliwafuatilia watoto waliozaliwa mjini na kasoro za kuonekana kwa macho. Waliwalinganisha watoto 138 wenye kasoro na 108 wasio nazo, na matokeo yakachapishwa 2020 katika jarida la Lancet Planetary Health. Baba mwenye kazi inayohusiana na madini alionekana kwenda pamoja na hatari ya kasoro iliyo kubwa zaidi ya mara tano, ingawa kwa idadi ndogo kama hiyo ukubwa halisi unaweza kuwa chini au juu sana ya hapo. Mimi nasoma mambo mawili humo. Baba anayechimba au kubeba madini abadilishe nguo na kuoga kabla hajaingia nyumbani. Na mji uliozungukwa na shaba na kobalti hauwezi kuruhusu mtoto atoke wodini bila mwili wake wote kuangaliwa na kuandikwa, maana kisichoandikwa hakitahesabiwa.

Siku tatu nne za kwanza mtoto atapungua. Akipungua mpaka asilimia 7, hata kufikia 10, ni maji yanayotoka; asipewe maji ya sukari wala uji, anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kufikia wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Asiporudi, arudishwe kwa muuguzi.

Kupima vibaya ni karibu sawa na kutopima. Futi ya fundi nguo iliyotandazwa kando ya mtoto kitandani inakosea kwa sentimita mbili au zaidi, na tumeona sentimita tatu zinavyoamua. Hadi miaka miwili mtoto anapimwa amelala, kuanzia hapo anapimwa amesimama. Aliyesimama huonekana mfupi kwa milimita 7 hivi, na tofauti hiyo lazima irekebishwe. Nywele zilizosukwa juu na vibanio vyake zinaongeza kimo na kupotosha mzingo wa kichwa, kwa hiyo siku ya CPS mtoto asukwe chini chini au asisukwe. Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli, ya kwenye karatasi: miezi miwili ya kukisia inaweza kumfanya mtoto mzima aonekane amedumaa, au kinyume chake. Njiti anahesabiwa umri wake kwa kutoa wiki alizokosa tumboni mpaka afikishe miaka miwili. Na kabla ya kushangilia kilo zilizopanda, bonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili kwa dole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, zile ni kilo za maji; huo ni utapiamlo mkali, ule ambao ndugu zetu wa Kivu wanauita bwaki, hata kama mashavu yamejaa.

Nasikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba vipimo hivi vya Shirika la Afya Duniani ni vya wazungu na sisi tuna kimo chetu. Vipimo vya 2006 vilitokana na watoto wapatao 8,440 waliopimwa kati ya 1997 na 2003 katika miji sita: Pelotas, Accra, Delhi, Oslo, Davis na Muscat. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vizuri, ambao mama zao hawavuti sigara na nyumba zao hazina njaa. Tofauti ya urefu kati ya mji na mji ilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti zote zilizoonekana; sehemu kubwa ilikuwa kati ya mtoto na mtoto ndani ya mji ule ule. Mtoto wa Accra aliyelishwa alikua kama wa Oslo. Mtoto mmoja anaweza kuwa mfupi kwa kurithi. Zaidi ya watoto arobaini kwa mia hawawezi wote kuwa wamerithi.

Mizani si ngeni mjini hapa. Katika miaka ya 1920 na 1930, mji ukiitwa Elisabethville, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa ikiletewa watoto wa wafanyakazi wa kambi zake wapimwe kliniki, chini ya madaktari wake, maarufu kati yao Léopold Mottoulle. Kampuni ilitaka vibarua wa kesho wenye afya, na kilo za mtoto ziliingia kwenye hesabu zake. Leo kijitabu ni cha mama. Namba iliyomo ni yake, ana haki ya kuielewa, na ana haki ya kudai ile inayokosekana. Mama, ukifika CPS uliza: urefu wake ni ngapi leo, na ulikuwa ngapi mara iliyopita? Kama hakuna ubao, uliza kwa nini.

Na ubao si kitu cha kusubiri kutoka Kinshasa. Fundi yeyote wa mbao wa Kamalondo anaweza kuutengeneza: ubao mlalo uliopigwa randa, wenye urefu wa kutosha kusoma hadi sentimita 110, kipande kilichosimama wima kimefungwa imara upande wa kichwa, kingine cha wima kinachoteleza bila kuyumba upande wa miguu, na futi isiyovutika iliyobandikwa ikianzia sifuri pale kichwa kinapogusa. Mtu mmoja ashike kichwa kiguse ubao, macho yakitazama juu. Wa pili anyooshe magoti yote mawili, asogeze kipande mpaka kiguse nyayo, asome kwa sauti hadi milimita, na namba iandikwe kabla mtoto hajainuliwa.