Je, fumbo likifumbuliwa hadithi hufa?

WATUNZI wa hadithi za kubuni za kisayansi hukabiliwa na swali gumu: je, ulimwengu waliouumba hudhoofika pindi asili ya maajabu yake inapofafanuliwa?

Mfano mmoja wa kulijibu swali hilo haumo angani bali ardhini, katika nyanda za Uasin Gishu, ambako limo eneo la Ziwa, kaskazini mwa mji wa Eldoret.

Katika nyanda hizo na maeneo jirani ya magharibi mwa Kenya mna mashimo mengi ya mviringo, baadhi yakiwa yamezungushiwa mawe. Wakalenjin husimulia kwamba yaliachwa na Wasirikwa, watu waliotangulia kuishi huko kisha wakatoweka. Jina lao halikupotea, kwani Ziwa yenyewe huitwa pia Ziwa Sirikwa.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa watu waliishi ndani ya mashimo hayo. Hata hivyo, uchimbuzi uliofanywa na mwanaakiolojia John Sutton katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nyumba zilijengwa kando, na mlango wake ukaelekea zizini.

Simulizi haikufa kwa ufafanuzi huo. Badala yake, maswali mazito zaidi yalizuka. Mifugo ililindwa dhidi ya nani? Kwa nini mtindo huo uliachwa? Je, Wasirikwa walihama, au damu yao ingali miongoni mwa Wakalenjin wa leo?

Katika filamu, mambo huwa tofauti nyakati nyingine. Star Wars ya mwaka 1977 ilikuwa na nguvu ya ajabu iliyounganisha viumbe vyote. Mwaka 1999, George Lucas alieleza katika The Phantom Menace kwamba uwezo wa kuitumia unahusiana na viumbe vidogo mno, ambavyo idadi yake hupimwa katika damu. Mashabiki wengi walilalamika, kwa kuwa jambo lililofanana na imani liligeuzwa kipimo cha maabara.

Mkenya Wanuri Kahiu alifuata njia nyingine katika filamu fupi ya Pumzi ya mwaka 2009. Mtazamaji huelezwa kwamba vita vya maji vimeiangamiza dunia, lakini aliyemtumia Asha udongo wenye uhai hatajwi. Pengo hilo ndilo linalomsukuma Asha kutoka nje kwenda kuutafuta ukweli.

Kwa hivyo, si kila ufafanuzi unaodhuru. Hudhuru ule unaolifunga swali na kumwachia msomaji jibu dogo kuliko alichokiwazia. Ule unaofungua maswali mapya huukuza ulimwengu wa hadithi, kama zizi la Msirikwa lilivyoifanya historia ya Uasin Gishu kuwa pana zaidi.

Hatari kubwa zaidi kwa simulizi hiyo ni jembe, kwani shimo likishafukiwa na kulimwa, hakuna atakayeuliza lilichimbwa na nani.