Mkahawa Chini ya Kanisa

Jengo hudai matunzo ya mwaka mzima, hata kama hutumika siku chache tu. Kanisa la St Martin-in-the-Fields, lililokamilika kujengwa mwaka 1726 katikati ya London, lilianzisha biashara yake mwaka 1987 ili lijipatie mapato. Ukumbi wa chini, uliokuwa mahali pa kuzikia, sasa ni mkahawa. Watu wa dini zote hula chakula cha mchana chini ya matao ya matofali, juu ya sakafu yenye mawe ya makaburi ya kale. Faida haigawiwi mtu. Husaidia kanisa na kazi zake.

Vyama vingi vya msingi vina maghala yanayojaa wakati wa mavuno, kisha hubaki matupu. Kabla ya kuinjika chungu humo, halmashauri na ijibu maswali matatu: nani atakula kila siku, nani atashika fedha, na ziada itakwenda wapi? Hesabu za mkahawa zisichanganywe na fedha za mazao ya wanachama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.