Kuitembeza Familia Mombasa

Wengi wetu akina mama wa bara tunaijua Mombasa kwa bahari tu. Likizo ikifika mtoto huahidiwa bahari, naye akifika hushinda majini tangu asubuhi hadi jioni, kisha hurudi nyumbani ngozi imebabuka, asijue mji wenyewe ukoje. Sisi pia mara ya kwanza tulifanya hivyo. Mara ya pili tulikuwa akina mama saba wa kikundi chetu cha kanisa, pamoja na watoto 15, tukaafikiana kwamba bahari ingoje.

Tulianzia Fort Jesus mapema, kabla jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Watoto walikimbilia mizinga. Sisi wakubwa tulisimama zaidi kwenye habari za Waarabu wa Oman, walioizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Wengi wa waliofia ndani hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi. Kwetu sisi tuliozoea wodi hilo halikuwa la ajabu. Watu wakibanana na chakula kikapungua, ugonjwa haukawii. Baadaye ngome iligeuzwa jela, na tangu mwaka 1962 ni makumbusho. Tengeni saa mbili nzima, na kila mtoto awe na chupa yake ya maji na kofia.

Ukitoka hapo umeshafika Mji wa Kale. Tembeeni kwa miguu, mkitazama milango ya nakshi na roshani za mbao. Jifungeni leso na muwavalishe mabinti nguo za heshima, maana hapo ni makwao watu. Watoto wetu walishiba viazi karai na mabuyu, ingawa tuliwakataza kunywa maji ya barafu ya barabarani. Dafu ni salama zaidi, likipasuliwa ukiona.

Mchana tulivuka Daraja la Nyali hadi Kengeleni. Mahali hapo pamepata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Watoto waliuliza maswali mengi kuhusu utumwa, na hatukuwaficha.

Upande huohuo wa Nyali liko kaburi ambalo wageni wengi hulipita. Ni la Rosine Krapf, mke wa Johann Ludwig Krapf, mmisionari yule aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Walifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike, homa ikamshika, akafa. Kichanga naye akamfuata baada ya muda mfupi. Tulisimama pale bila kusema neno. Kila mmoja wetu amepitia leba, na wawili kati yetu wamewahi kuzika watoto wachanga. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hawakumpeleka hospitali.

Siku iliyofuata ilikuwa ya Haller Park, Bamburi, na hapo ndipo watoto waliposahau hata bahari. Zamani palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, mpaka René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Leo ni msitu. Watoto waliwalisha twiga kwa mikono yao. Tuliwasimulia pia habari za Owen, ndama wa kiboko aliyeachwa yatima wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapo akajishikiza kwa kobe mkongwe aliyeitwa Mzee, wakawa wanakula na kulala pamoja. Siku ya tatu tukawapa bahari yao, asubuhi na jioni tu, na kila mama akiwa na watoto wake wa kuwahesabu.

Sasa tuje kwenye lile lililotutia aibu. Tulibeba vyandarua, lakini usiku wa pili watoto walilala barazani kwa sababu ya joto, nasi tukawaachia. Mtoto wa mwenzetu, mwenye miaka sita, alipandwa na homa siku ya 12 baada ya kurudi nyumbani. Mama yake alidhani ni mafua, akampa dawa ya maumivu ya dukani kwa siku mbili. Alipotuita usiku, mtoto alikuwa ameanza kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Ilikuwa malaria kali. Watoto wa nyanda za juu hawana kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huu, nao huanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati safari imeshasahaulika. Kabla ya kusafiri mwulizeni daktari kuhusu dawa ya kujikinga. Na mtoto akipata homa yoyote katika wiki zinazofuata, apimwe damu siku hiyohiyo, na mweleze mhudumu kwamba mlikuwa pwani.

Alilazwa siku tano. Siku aliyoruhusiwa alituuliza kama twiga wake bado yupo.